Mikunde hairutubishi shamba kwa kupandwa tu

Mkulima wa nchi kavu hafundishwi kwamba kunde huvumilia jua. Anajua mbegu ipi huwahi kukomaa mvua zikikatika mapema, na anajua kwa nini mbaazi hubaki kijani wakati mahindi yamekauka: mizizi yake imezama mbali. Anapokosea, mara nyingi ni kwa yale yaliyojificha ardhini na ndani ya punje.

"Ukipanda mikunde, ardhi inajirutubisha yenyewe." Hii ndiyo dhana inayotia hasara kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Bakteria waitwao raizobia huingia mizizini, vikaota vinundu, na humo huikamata naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye punje, na punje zinakwenda ghalani. Ukivuna kwa kung'oa shina na mizizi yake, kisha masalia ukayachoma, au ukawapa mifugo na samadi isirudi, shamba linaweza kubaki na naitrojeni pungufu kuliko lilivyokuwa kabla hujapanda. Kata shina, mizizi ibaki. Mbaazi ina nafuu maana hupukutisha majani mengi kabla ya kuvunwa. Maharage ya kawaida ni mavivu katika kazi hii, hata yakistawi vipi.

Kuna wanaoona vinundu wakaridhika. Mmea ukianza kutoa maua, chimba miche michache kwa jembe, usiivute, maana vinundu hukatika vikabaki udongoni. Osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Chenye wekundu ndani kinafanya kazi. Cheupe ni kichanga au hakina faida, cha kijani au kahawia kimeshazeeka. Kunde na choroko hupata bakteria wa kuzifaa karibu kila mahali, ila dengu na soya huchagua. Shamba ambalo halijawahi kuziona huhitaji mbegu zipakwe raizobia wa aina yake, kivulini, na zipandwe siku hiyohiyo, kwa kuwa jua huwaua.

Samadi nayo, kadiri inavyozidi ndivyo bora? Hapana. Mmea unaopata naitrojeni nyingi udongoni hauhangaiki na vinundu, unakimbilia majani. Kinachopungua mara nyingi ni fosforasi, na hapa kilimo hai, kisichoruhusu mbolea za viwandani, hubana kwelikweli: mawe ya fosfeti yaliyosagwa huyeyuka polepole, na kwenye udongo wenye chokaa, ambao ni wa kawaida katika maeneo makavu, karibu hayayeyuki kabisa.

"Sitii mbolea wala dawa ya dukani, basi nalima kilimo hai." Mara nyingi huko ni kukosa fedha tu, na simlaumu mtu. Kilimo hai kina kazi zake: kubadilisha mazao, kutandaza masalia, kutengeneza mboji, kuzuia maji yasikimbie na udongo. Anayetaka cheti huongeza na daftari la kumbukumbu.

Dawa za mimea eti hazina madhara. Maji ya tumbaku yana nikotini, sumu kali kwa binadamu, na viwango vingi vya kilimo hai vimeyakataza. Mmea wa utupa huua samaki. Pareto huua nyuki pia, kwa hiyo hupuliziwa jioni wakiwa wamerudi mzingani.

La mwisho ni fukusi, anayesingiziwa kuzaliwa ghalani. Huanza shambani, akitaga mayai juu ya maganda yanayokauka, na buu hutoboa hadi ndani ya punje. Kunde zilizoachwa zikisubiri nafasi ya kuvunwa huingia nyumbani na mgeni wake. Vuna mapema, anika hadi punje iwe kavu kweli, la sivyo itaota ukungu, kisha ijaze kwenye chombo kisichopitisha hewa. Wadudu watamaliza oksijeni iliyomo na kufa. Ila usifungue kila jioni kuchungulia, maana kila ukifungua unawapa pumzi.