Mkanda wa kunolea wembe: uchague ngozi ya namna gani

Mwenye wembe wa kukunja, ule wa mpini ambao bapa lake halibadilishwi, hawezi kukwepa vitu viwili: kinoo na mkanda wa ngozi. Wengi huvichanganya. Kinoo ni jiwe, linakula chuma na kutengeneza makali mapya. Mkanda hauli chuma kiasi cha kuonekana. Kazi yake ni kuyanyoosha na kuyang'arisha makali yaliyopo. Kwa hiyo kinoo hutolewa kabatini mara moja moja, miezi ikipita, ila mkanda hupitishwa wembe kila kabla ya kunyoa. Kama wembe umekuwa butu kabisa, usiulaumu mkanda, na wala usiende kununua mwingine wa bei mbaya ukitarajia miujiza.

Lakini unywele tu unawezaje kuharibu chuma? Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha katika jarida la Science kwamba ingawa chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele kama mara 50, unywele ukikutana nacho kwa pembe fulani, mahali ambapo chuma chenyewe hakilingani ugumu, unaweza kukimegua. Mmeguko huo ni wa kinoo. Mkanda hushughulikia yale mengine: ukingo uliopinda kidogo, na utando wa kutu au sabuni usioonekana kwa macho.

Sasa ngozi yenyewe. Tabora hatuna shida ya ngozi ya ng'ombe, maana Igunga na Nzega ni kwa wafugaji. Shida ni kwamba ngozi nyingi utakayoikuta kwa fundi viatu haifai. Ile laini ya juu ya kiatu au ya mkoba kwa kawaida imetengenezwa kwa dawa za kromu. Inavutika, na mkanda unaovutika hulegea katikati. Ya soli nayo ni ngumu mno. Unayoitaka ni ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, iliyoshiba, unene wa milimita 3 hivi, ya aina inayokatwa mikanda ya suruali. Omba kipande cha mgongoni, siyo cha tumboni, kwa sababu ya tumboni ni legevu na unene wake haulingani. Kisha kiangalie kwa kukiinamisha kwenye mwanga: alama ya chuma cha moto, kovu la mwiba, matundu ya kupe, vyote hivyo wembe utavigonga kila ukipita. Ng'ombe wetu wana alama nyingi, kwa hiyo usione aibu kumpanguisha fundi rundo zima.

Kitu kinachotofautisha mkanda na mkanda ni jinsi ngozi inavyoushika wembe. Ngozi ya farasi ya sehemu ya matako, inayosifiwa sana Ulaya na Marekani, ni nyororo na wembe huteleza tu. Ngozi ya ng'ombe iliyonyweshwa mafuta mengi hushika, unausikia wembe ukivutwa mkononi. Si kweli kwamba inayoshika zaidi ndiyo inayotia makali zaidi. Ni suala la mkono wako. Kwa anayeanza ningechagua ya katikati: ikishika sana atapoteza ulalo wa wembe, ikiteleza sana atakimbiza mkono.

Upana unabishaniwa kuliko unavyostahili. Bapa la wembe lina urefu wa karibu inchi 3, hivyo mkanda wa inchi 3 unalimeza lote kwa mpigo mmoja. Wa inchi 2 au 2 na nusu unahitaji kuvuta kwa mshazari ili kila sehemu ya makali iguse. Mimi naupenda huu mwembamba. Mkanda mpana wa ngozi duni hujikunja kama mfereji, na hapo katikati ya wembe hapagusi kitu. Urefu usipungue inchi 16 za kupitisha wembe.

Ukiutundika, uvute ukakamae kama kamba ya nguo iliyokazwa. Ukilegea, ngozi huinuka nyuma ya makali na kuyaviringisha. Asiyeamini mkono wake abandike ngozi hiyo kwa gundi juu ya kipande cha mninga kilichopigwa randa kikanyooka. Haulegei, na unaingia kwenye begi la safari ya treni.

Namna ya kupitisha ni hii: laza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse ngozi, kisha uvute mgongo ukitangulia. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuubiringisha juu ya mgongo wake, bila kuuinua. Mgeni wa kazi hugeuza kwa upande wa makali, na papo hapo ngozi inachanjwa. Ndiyo sababu mkanda wa kwanza uwe wa bei nafuu. Chale ndogo hulainishwa kwa msasa laini. Ya kina, ngozi hiyo kata vishikizo vya funguo.

Mikanda mingi huwa na kitambaa nyuma, cha kitani au turubai la pamba. Hiki hutangulia, mipito kama 20, kisha ngozi 40 hadi 60. Turubai la plastiki halifai. Dawa ya kijani ya kung'arishia, yaani oksidi ya kromu, inakwangua chuma kweli, kwa hiyo ipakwe kwenye kipande chake cha pembeni. Ikishaingia kwenye mkanda wa kila siku haitoki.

Kiangazi cha Tabora kina vumbi, na punje moja ya mchanga inatosha kutoboa makali. Futa ngozi kwa kiganja kikavu kabla ya kila matumizi. Jasho na mafuta ya mkono vinaitosha kwa kipindi kirefu. Nta ya nyuki, ingawa huku imejaa, huifanya inate. Mawese kutoka Kigoma huvunda. Masika, utundike mahali penye hewa, siyo bafuni, na usiukunje kamwe.

Kwa kinyozi wa kibandani mambo ni tofauti. Ngozi haichemshwi wala haisafishwi kwa dawa ikapona, na wembe wenye damu ya mteja mmoja ukipita juu yake unaweza kumfikia mwingine na virusi vya homa ya ini. Anayetumia kiwembe kipya kwa kila mteja hahitaji mkanda hata kidogo.