Mbunge akiwekewa ukomo, kiti anakichukua nani?

Juzi tulikuwa Ngamiani kwenye kikao cha elimu ya uraia, tunavifanyaga hapa Tanga mara kwa mara, mama mmoja akanyanyuka akaniuliza, "Mwalimu, Rais vipindi viwili basi anaondoka, mbunge mbona anazeekea mle ndani? Na wao wangewekewa ukomo si ndo wanawake na walemavu tungepata nafasi?" Muda ulikuwa umeisha nikamjibu juu juu, roho ikanisuta, ndo maana leo naandika.

Ni kweli Katiba yetu imemwekea Rais vipindi viwili vya miaka mitano mitano, mbunge hajawekewa, akichaguliwa anarudi hata mara sita. Na hesabu ya yule mama sio mbaya, maana kugombea kiti kilicho wazi ni afadhali kuliko kupambana na mtu mwenye jina, hela na watu wake kila kata. Ila kiti kuwa wazi ni jambo moja, nani anakikalia ni jambo lingine kabisa.

Walioshajaribu ni Wamarekani. Jimbo la California lilipiga kura 1990 kwamba mbunge wa bunge la chini la jimbo mwisho miaka 6, wa seneti yao miaka 8. Spika wakati huo alikuwa Willie Brown, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika kile kiti pale, alikikalia tangu 1980 na alifika hapo kwa kukaa muda mrefu akajua kanuni zote na nani anataka nini, ukomo ukamfungia njia ya kuendelea. Mwaka 1996 uspika akaupata Cruz Bustamante, Mlatino, yaani Mmarekani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, na Walatino wakaongezeka kweli bungeni, lakini usikimbilie kusema ni ukomo peke yake, maana idadi yao ilikuwa imepanda na mipaka ya majimbo ya uchaguzi ilichorwa upya baada ya sensa ya 1990. Halafu spika akawa anabadilika kila miaka miwili hivi, mtu hajazoea kiti keshaondoka, mpaka 2012 wakairekebisha ikawa miaka 12 jumla. Ufilipino nao wana ukomo wa vipindi vitatu mfululizo, baba akimaliza anaingia mke au mtoto, baadae baba anarudi.

Sasa tuje kwetu. Anna Makinda aliingia bungeni 1975, uspika akaupata 2010, mwanamke wa kwanza. Hiyo ni miaka 35! Ukimwekea ukomo wa miaka 10 mtu kama yule unamkata kabla hajafika popote. Na hapa Tanga Mjini Ummy Mwalimu alianza na viti maalum, vile vya wanawake vinavyopatikana kupitia vyama, 2010, jimbo akalipata 2020, yaani miaka 10 ya kujulikana kwanza.

Upande wa walemavu ndo panaponiuma zaidi. Salum Bar'wani wa Lindi Mjini, 2010, ndo mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni nchi hii, akakaa kipindi kimoja tu. Hakukuwa na ukomo wowote uliomtoa. Watu wa makundi haya wanaondoka mapema wenyewe, hela hawana, mtandao hawana, kwahiyo sheria ya kuwaondoa waliokaa sana haiwagusi hata kidogo.

Mimi binafsi ukomo nauona unafaa zaidi kwenye viti maalum kuliko majimboni, maana vile ni mlango wa kujifunzia na Katiba inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, mmoja akivishikilia miaka 20 wenzie wanasubiri nje. Lakini chama kiwe kimemwandalia jimbo la kwenda, sio kumwambia asante nenda nyumbani.

Kwahiyo mama yangu wa Ngamiani, kabla ya kudai ukomo nenda kwenye kura za maoni za chama chako uangalie nani kachukua fomu, nani wanaopiga kura na ukumbi wenyewe una ngazi ngapi, maana mwenye baiskeli ya magurudumu matatu anaishia pale mlangoni.