Chokoleti ya tabaka tatu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kitafunwa hiki kina tabaka la chini la unga, siagi na sukari, la kati la karameli, yaani sukari iliyopikwa ikawa nzito na ya kahawia, na la juu la chokoleti. Wengi huamini kwamba tone la maji likiingia katika chokoleti inayoyeyushwa, basi chokoleti hiyo ni ya kutupa. Hilo ni kweli nusu tu. Maji machache hulowesha chembe za sukari na kakao zilizotawanyika ndani ya mafuta, nazo hushikana, na kwa muda mfupi ule uji uliokuwa ukimeremeta hugeuka donge kavu lenye chengachenga, lililong'ang'ania mwiko. La kushangaza ni kwamba dawa yake ni maji zaidi: ongeza ya moto, kijiko kimoja kimoja, ukikoroga, mpaka donge lilegee na kuwa mchuzi mzito. Mchuzi huo hautaganda tena kuwa gamba la kukatika, hivyo haufai kwa tabaka la juu, ila kwa kumwagia juu ya keki ni mtamu vilevile.

Moto mkali nao hauhitajiki. Siagi ya kakao, yaani mafuta yaliyomo ndani ya chokoleti, huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi, pungufu ya joto la mwili, kwa hiyo mvuke wa maji yaliyo chini ya bakuli unatosha.

Husemwa pia kwamba tabaka la chini la unga, siagi na sukari litaivia pamoja na karameli iliyomwagwa juu yake. Haliivi sawasawa, hubaki bichi na zito kama kinyunya. Lioke peke yake kwanza, kwa nyuzi 180, dakika 15 hadi 20, mpaka kingo zianze kuwa za kahawia.

Penye hasara kubwa zaidi ni friji. Watu hudhani kadiri trei inavyokaa humo ndivyo vipande vitakavyokatika vizuri. Nimewahi kuiacha usiku kucha: kisu kilipogusa tu, chokoleti ilipasuka vipande kama kigae, karameli ikachomoza pembeni, na sehemu nyingine ya chokoleti ikabanduka nzima. Kubanduka kulitokana na kosa la awali, kwani nilimwaga chokoleti juu ya karameli iliyokwisha kuwa baridi na telezi, badala ya kuimwaga ikiwa bado inanata kidogo. Kupasuka hupungua ukichanganya kijiko cha mafuta ya kupikia katika chokoleti, ukaitoa trei nusu saa kabla ya kukata, na ukatumia kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila mara.

Mabaka meupe yanayotokea baada ya siku kadhaa hudhaniwa kuwa ni ukungu. Mara nyingi ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu, au sukari iliyoyeyushwa na unyevu kisha ikakauka, hayadhuru. Ukungu wenyewe huota nyoya na kunuka. Vipande vikitoka kwenye friji, viache vimefunikwa mpaka baridi iishe, ili umande utue juu ya mfuniko, usitue juu ya chokoleti.