Tatizo la Pedi za Kutikisa Si Sensa

Kila ninapoletewa mashine ya gemu ya mtindo wa zamani yenye pedi za kutikisa, mwenye mashine huniomba jambo lile lile: "Fundi, toa hiyo sensa mbovu uweke ya simu, itacheza kama Wii, ile mashine ya Nintendo yenye pedi ya kuhisi mwendo." Ombi hili nimelisikia hapa Mwanjelwa hadi limenichosha, kwa sababu limejengwa juu ya imani kwamba pedi za kuhisi mwendo ziliwaudhi watu kwa udhaifu wa sensa, yaani kipima mwendo, peke yake. Sensa zilikuwa dhaifu, sikatai. Lakini hata ukifunga sensa bora kuliko zote duniani, gemu itabaki vile vile.

Tuanze na soketi. Pedi ya Nintendo ya biti 8 ina chipu ndogo ya 4021, na mashine za kuiga ambazo wengi wetu tumekua nazo zinafuata utaratibu huo huo. Gemu inapotaka kujua unafanya nini, inatuma mpigo mmoja wa umeme, chipu inanasa hali ya vitufe vyote kwa pamoja, kisha mipigo ya saa inavitoa kimoja kimoja kwenye waya wa data: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Majibu ni manane, na kila jibu ni kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Kwa kawaida gemu huuliza mara 60 kwa sekunde, au 50 kwenye mfumo wa TV uitwao PAL. Katika majibu hayo manane hakuna nafasi ya kusema kwamba mkono umeinuka sentimita 12, wala kwamba umekwenda kwa nguvu. Ni kama kumweleza daktari ugonjwa wako kwa fomu yenye visanduku vinane vya ndiyo na hapana.

Sasa fungua pedi yenyewe ya kutikisa. Katika zile za bei nafuu ninazozifungua, karibu na ukingo wa bodi pana kijibomba chembamba, na ndani yake springi laini imeizunguka pini bila kuigusa. Ukitikisa, springi inayumba, inagusa pini, saketi inafunga, na mashine inasoma kitufe A. Upige kutoka kulia au kushoto, kwa nguvu au polepole, jibu halibadiliki.

Jambo ambalo wateja hawataki kulisikia ni muda. Kitufe si kubonyeza tu. Ni kubonyeza, kushikilia na kuachia, na waandishi wa gemu za zamani walizitumia hatua zote tatu. Katika Super Mario Bros. ya 1985, urefu wa kuruka unategemea muda ulioshikilia A, na kukimbia kunataka B ikae imebonyezwa huku kidole hicho hicho kikiigusa A. Mtikiso hautoi kitu cha namna hiyo. Unatoa mguso mfupi, tena mara nyingi migusano kadhaa mfululizo kwa sababu springi hudunda kabla ya kutulia, na mashine inaweza kuihesabu kama mibonyezo tofauti. Ukiweka sensa ya simu mahali pa springi, bado lazima uamue: mwendo ukifikia kiasi gani tuseme A imebonyezwa, na ukishuka hadi wapi tuseme imeachiwa? Weka kizingiti chini, Mario ataruka kila unapopumua. Kiweke juu, mkono utachoka kabla hajavuka shimo la kwanza. Hakuna kizingiti kimoja kinachofaa gemu zote, na sensa ya bei ghali haikupi kizingiti hicho.

Mfano mkubwa ni Power Glove, glovu ya kuchezea gemu za Nintendo iliyouzwa na kampuni ya Mattel mwaka 1989. Vitoa sauti viwili juu ya mkono vilituma mipigo isiyosikika na sikio, vipokezi vitatu kwenye fremu ya TV vikapima muda wa kufika, na vipande vinavyobadilisha ukinzani wa umeme vikikunjwa vikasoma mkunjo wa vidole vinne. Kidole cha mwisho hakikuhesabiwa. Kwa gemu za kawaida, vipimo vyote hivyo vilibanwa vikawa vitufe vinane. Gemu mbili tu ndizo zilizotolewa kwa jina lake, Bad Street Brawler na Super Glove Ball, na hii ya pili ilisoma namba zenyewe za mkono kwa kuomba biti (majibu ya ndiyo au hapana) zaidi ya nane kupitia waya ule ule wa data. Kwa hiyo waya haukuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa gemu isiyojua kuuliza.

Activator ya kampuni ya Sega ya 1993 sitaieleza kwa kirefu: pete ya pembe nane sakafuni, ikirusha miale ya infraredi juu, na ukiukata mwale umebonyeza kitufe. Ilihitaji dari tambarare, kwa hiyo nyumba ya mabati na kenchi tupu isingeifaa.

Wii ya 2006 ilifaulu kwa sababu gemu yake ya Wii Sports iliandikwa kwa ajili ya namba za pedi ile, na hata hivyo mwaka 2009 Nintendo iliongeza jairoskopu, yaani kipima mzunguko, kupitia kiambatisho cha MotionPlus. Hata hapo nina shaka ambayo sijaiona kwenye vitabu vya ufundi. Kidole gumba kikiwa juu ya pedi kinajua kilipo bila macho, lakini mkono ulio hewani hauna pa kuegemea. Super Glove Ball ilipewa namba, na bado haikutosha kuifanya glovu idumu. Pengine sehemu ya kasoro haiko kwenye chipu wala kwenye programu.

Anayetaka kutumia sensa ya simu aandike gemu mpya inayosoma namba zake. Kidhibiti kidogo kama Arduino kinaweza kukaa mahali pa 4021 na kutoa biti zaidi ya nane, ilimradi gemu iziombe. Anayetaka kucheza gemu ya zamani kama Contra, nitamtolea springi na kumlehemia kitufe halisi cha A, na hiyo ni kazi ya mchana mmoja.