Makala Kiporo Katika Majarida ya Useremala: Uliza Tarehe Kabla ya Kulipa

Mtu anayependa mbao hatupi jarida. Hulipanga kabatini, hulirudia, hulifungua juu ya benchi mpaka likapata madoa ya gundi. Hapa Dar es Salaam watu wa aina hiyo ni wengi kuliko tunavyodhani: mhasibu anayetengeneza vigoda Jumamosi uani kwake Tabata, mwalimu mstaafu wa Kigamboni mwenye mashine ndogo ya kukereza, mafundi wa Keko ambao mchana wanamaliza oda za vitanda na usiku wanasoma namna Wajapani wanavyounganisha mbao bila msumari. Majarida wanayapata kwa ndugu walio ng'ambo, kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta na Kariakoo, na siku hizi kwenye simu, wakilipia usajili kwa kadi. Ni wasomaji waaminifu, na ndio hao wanaouziwa kitu kilekile mara mbili.

Mimi ni mkutubi wa chuo cha ufundi, na sehemu ya kazi yangu ni kuandaa faharasa ya makala ili mwanafunzi akitaka kujua kunoa patasi ajue aende toleo gani. Mwenye faharasa huona asichokiona msomaji wa toleo mojamoja. Makala ya meza ndogo ya sebuleni inatoka leo kwenye toleo la kawaida. Baada ya miaka kadhaa inarudi kwenye toleo maalumu la "meza bora". Kisha inaingia kwenye kitabu cha mkusanyiko, halafu mchoro wake unauzwa peke yake, halafu yote inawekwa kwenye hifadhi ya kidijitali inayolipiwa kwa mwezi. Kila mara kichwa cha habari ni kipya, picha ya jalada ni mpya, wakati mwingine na maelezo ya utangulizi yameandikwa upya. Vipimo, mchoro na hatua za kazi ni vilevile. Tunaviita viporo, na kiporo kikipashwa vizuri mgeni hajui kwamba kilipikwa jana.

Sababu zake zinaeleweka, na ni haki kuzieleza. Makala moja ya useremala ni ghali kuandaa. Lazima fundi atengeneze kitu chenyewe, mara nyingine mara mbili ili hatua za katikati zipigwe picha. Lazima awepo mchoraji wa vipimo, mpiga picha na mhariri anayejua tofauti ya mbao iliyorandwa vizuri na iliyochanika. Makala ya zamani imeshalipiwa yote hayo. Matangazo ya biashara yalipohamia kwenye intaneti, majarida ya hobi yakabaki na wasomaji wao na makabati yaliyojaa makala. Huko Marekani jarida la American Woodworker liliunganishwa na Popular Woodworking mwaka 2014, na Machi 2019 F+W, kampuni iliyokuwa ikichapisha Popular Woodworking, ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Jarida likiuzwa, hifadhi yake huuzwa nalo, na aliyenunua hifadhi ya miongo mitatu atatafuta njia ya kurudisha fedha yake.

Halafu kuna jambo la mbao zenyewe. Mkia wa njiwa, kile kiungo cha pembe za droo na masanduku, unachongwa leo kama ulivyochongwa karne zilizopita. Mhariri wa jarida la simu hawezi kurudia makala ya miaka ishirini iliyopita; mhariri wa jarida la useremala anaweza, na nusu ya wasomaji wake, wale waliojiunga juzi, watashukuru kwa dhati. Hapo ndipo hesabu inapomgeukia msomaji wa siku nyingi. Mgeni hupewa bei ya ofa na kila kitu kwake ni kipya. Aliyekaa miaka kumi hulipa bei kamili, na kila mwaka sehemu ya kile asichokijua inapungua.

Kurudia chapisho si dhambi. Kuna kurudia ambako mimi kama mkutubi nakutetea kwa nguvu zote. Jarida la The Woodworker lilianza Uingereza mwaka 1901, na Charles Hayward alilihariri kuanzia 1939 hadi 1967, miaka ya vita na uhaba, akifundisha watu kutengeneza samani kwa zana za mkono na mbao chache. Makala za kipindi hicho zilikuwa zimetawanyika kwenye matoleo ambayo hayapatikani tena. Lost Art Press ya Marekani ilizikusanya kwenye vitabu na kusema waziwazi kwamba ni makala za Hayward, za jarida lile, za miaka ile. Fine Woodworking nalo, lililoanza mwaka 1975, lilitoa mikusanyo ya makala zake ikitajwa wazi kuwa imechaguliwa kutoka kwenye jarida. Mnunuzi anajua anacholipia: mpangilio, uteuzi, karatasi nzuri, kuepushwa na kazi ya kutafuta. Hiyo ni huduma halali. Kinachonikera ni mkusanyo usio na tarehe, wenye jalada linalosema "mpya" huku ndani hakuna ukurasa hata mmoja unaosema makala ilitoka lini kwanza.

Tarehe si pambo la wakutubi. Kwenye useremala tarehe inaweza kuwa suala la mapafu.

Chukueni vumbi. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianya yake. Makala nyingi za kabla ya hapo zinaonyesha fundi akipiga msasa uso wazi, ndani ya karakana iliyofungwa kwa sababu nje kuna baridi, bila neno moja kuhusu barakoa. Makala hiyo ikirudiwa bila tarehe, kijana wa Buguruni anayepiga msasa mvule, mbao ambayo vumbi lake linajulikana kuamsha pumu na kuwasha ngozi, anaiga kile anachokiona pichani.

Dawa za mbao nazo hivyo hivyo. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki, zile zenye rangi ya kijani, zilikuwa zikipendekezwa kwa bembea na meza za bustani. Viwanda vya Marekani viliacha kuzitengeneza kwa matumizi mengi ya nyumbani, viwanja vya kuchezea watoto vikiwemo, mwishoni mwa 2003. Mchoro wa bembea wa mwaka 1992 bado ni mchoro mzuri kwa vipimo, ila orodha yake ya vifaa haifai tena. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya kubandua rangi yenye methilini kloridi, ambayo mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba visivyopitisha hewa. Marekani ilipiga marufuku kuiuza kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Makala ya zamani ya kukarabati kiti itakwambia uipake kwa brashi na usubiri.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalifikirii: masahihisho. Jarida likikosea kipimo, husahihisha kwenye toleo linalofuata, mara nyingi kwenye kona ya barua za wasomaji. Makala inapochukuliwa kwenda kwenye mkusanyo, masahihisho yale yasipofuata, kosa linazaliwa upya. Msomaji wa zamani aliyeandika penseli pembeni ya ukurasa wake ana nakala bora kuliko ya anayelipia leo. Ndiyo maana nawaomba mafundi wasiuze majarida yao ya zamani kwa kilo kabla ya kuyalinganisha na matoleo maalumu wanayotaka kununua.

Kwetu Dar kuna tatizo la ziada, kwa kuwa makala hizi ziliandikwa kwa hewa nyingine na kwa mbao nyingine. Ndani ya nyumba za Marekani zinazopashwa joto, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Kwenye hewa ya pwani yetu mbao huelekea asilimia 14 au zaidi, isipokuwa ikiwekwa ofisini penye kiyoyozi mchana kutwa. Fundi wa kule anayejenga mlango wa kabati kwa mbao iliyokaushwa sana huacha nafasi ili mbao itakapotanuka isipasue fremu. Fundi wa hapa mara nyingi anapata paini ya Mafinga au mninga ambao bado haujakauka vya kutosha, na mbao yake itasinyaa. Nafasi iliyopendekezwa kwenye makala inamletea mwanya. Ukubwa wa mbao pia unadanganya: mbao inayoitwa inchi mbili kwa nne ya Marekani ikisharandwa ni milimita 38 kwa 89, wakati mbili kwa nne ya yadi zetu inatoka kwenye msumeno bila kurandwa na haina vipimo hivyo. Jarida linaloandika makala mpya linaweza kumsikiliza msomaji wa nchi ya joto na kuongeza aya moja kwa ajili yake. Makala iliyorudiwa kama ilivyo haina masikio hayo.

Siku hizi kiporo kimeshuka hadi kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Unatumiwa tangazo la kifurushi cha michoro elfu kadhaa ya samani kwa bei ya chai na chapati, unalipa kwa simu, unapokea faili. Ndani utakuta kurasa zilizopigwa picha kutoka majarida tofauti, nyingine zimekatwa jina la jarida, mchoro mmoja umejirudia kwa majina matatu, na kurasa za vipimo hazipo kabisa. Mara nyingine utakuta vitabu vya zamani sana ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Kazi zilizochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita ziko huru huko na zinapatikana bure na kwa uhalali. Anayekuuzia hizo anakuuzia muda wake wa kupakua. Anayekuuzia kurasa za jarida la juzi bila ruhusa ni suala tofauti: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia. Mchoraji wa Kitanzania anayeona michoro yake ya milango ikizunguka kwenye vifurushi hivyo ana pa kwenda.

Kukagua si kazi ngumu. Fungua kwanza ukurasa wa taarifa za uchapishaji, ule wenye anwani na maandishi madogo ambao wengi tunauruka. Mchapishaji mwaminifu ataandika hapo, au mwisho wa kila makala, kwamba imewahi kuchapishwa na lini. Kama ni hifadhi ya mtandaoni, tafuta namba ya toleo chini ya kichwa cha habari. Pasipo na maelezo hayo, angalia picha: drili ya chaji yenye betri nene ya mtindo wa zamani, msumeno wa meza usio na kinga, fundi asiye na miwani wala barakoa. Tafuta jina la mwandishi, kwa kuwa wengine walishafariki zamani na bado majina yao yanaonekana juu ya makala "mpya". Kabla ya kulipia toleo maalumu, chukua orodha ya yaliyomo na uilinganishe na majarida uliyonayo. Linganisha vipimo, usilinganishe vichwa vya habari. Kichwa hubadilishwa kwa dakika moja, lakini hakuna anayebadilisha urefu wa mguu wa meza.

Ukiwa kwenye kikundi cha mafundi, andaeni faharasa yenu. Daftari moja linatosha: jina la kitu, vipimo vyake vikuu, jarida, toleo, mwaka. Maktaba za vyuo vya ufundi na Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed zina watu waliosomea kazi hiyo. Waombeni wawaonyeshe namna ya kuanza.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya watumiaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe na aeleze bidhaa na bei yake. Vyote hivi vina meno zaidi kwa muuzaji aliye hapa nchini kuliko kwa mchapishaji aliye Marekani au Uingereza. Kwa huyo wa ng'ambo, njia inayofanya kazi ni barua pepe kwa mhariri, ya heshima na yenye ushahidi: namba ya toleo la zamani, namba ya toleo jipya, kurasa zote mbili, na swali moja la kwa nini tarehe ya kwanza haikuandikwa. Mwombeni pia aseme kama masahihisho yameingizwa. Ikiwa tangazo lilisema "mpya" na ulilipia kwa kadi, hifadhi picha ya tangazo hilo na risiti ya malipo kabla hujaandika, maana tangazo la mtandaoni linaweza kubadilishwa usiku mmoja.