Je, wajua kwa nini waya wa breki ya mkono husingiziwa?

Mkono wa breki umevutwa hadi umegota, gea imetolewa, mguu unaachia pedali taratibu, na pikapu inaanza kuserereka kana kwamba hakuna kilichofanyika. Kwa nini? Kila anayejua gari kidogo ana jibu mfukoni: waya umerefuka, kaza. Chini ya gari kuna nati ya kukazia, spana haikosekani, na muda si mrefu mkono unashika tena. Miezi michache baadaye tatizo limerudi, nati inasogezwa tena, na hatimaye hesi za boliti zinaisha kabla ya tatizo kuisha.

Jibu hilo limedumu kwa sababu lina chembe ya ukweli. Waya mpya hulegea kidogo unapoanza kazi, kwa kuwa nyuzi zake zilizosokotwa hujipanga na ganda lake la nje hutulia kwenye vishikizo. Hilo hutokea mwanzoni, likaisha. Waya wa chuma uliofanya kazi miaka ishirini hauna sababu ya kuamka wiki hii na kurefuka sentimita mbili. Ukirefuka kweli kiasi hicho, basi nyuzi zake zinakatika moja baada ya nyingine, na waya wa namna hiyo haukazwi, unatupwa. Na ukaguzi wa haraka haraka huupa uongo nguvu: mtu anainama, anauona waya unaning'inia, anahitimisha. Waya kuning'inia mkono ukiwa chini si ugonjwa. Ndivyo unavyotakiwa kuwa, umelegea kidogo tu, ili viatu vya breki viweze kurudi mahali pake.

Kinacholika kiko mbali na nati, ndani ya dramu za magurudumu ya nyuma, yaani ngoma za chuma zinazozunguka pamoja na magurudumu. Kwenye pikapu nyingi za zamani breki ya mkono haina vifaa vyake peke yake. Huazima viatu vilevile vya breki ya mguu, yaani vipande viwili vya chuma vilivyopinda na kubandikwa lainingi, tabaka gumu la kusugua dramu. Ukikanyaga pedali, silinda ndogo yenye mafuta ya breki huvitanua vikabana dramu. Ukivuta mkono, waya huvuta wenzo uliofungwa kwenye kiatu kimoja, na wenzo huo hukisukuma kiatu cha pili kupitia kipande cha chuma kilicholala kati yao.

Sasa tufanye hesabu, maana siri yote imo humo. Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki inataka breki ya kuegeshea ilishikilie gari lenye shehena kwenye mteremko wa asilimia 18, na kwa magari ya mizigo nguvu ya mkono isizidi niutoni 600, sawa na kunyanyua kilo 60 hivi. Pikapu ya tani 2 kwenye mteremko huo inavutwa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 350. Tena tairi ni kubwa kuliko dramu, kwa hiyo msuguano unaohitajika kwenye dramu ni mara mbili ya hapo na zaidi. Mkono wa binadamu hauwezi hayo bila nyenzo, na nyenzo hukopesha kwa riba: kila nguvu inayoongezwa hulipiwa kwa umbali. Tuseme mfumo mzima, kuanzia mkono hadi kiatu, unazidisha nguvu mara 30. Basi ili kiatu kisogee milimita 1, mkono lazima usafiri milimita 30. Pengo kati ya kiatu na dramu likiongezeka kwa unene ambao jicho halitauona, mkono utakuwa umepanda meno kadhaa. Lainingi ikiendelea kulika, na dramu nayo ikilika kwa ndani, mkono unagota juu wakati viatu ndiyo kwanza vinaigusa dramu.

Kugusa huko kuna uzito wake. Dramu inapotaka kuzunguka, hukiburuta kiatu kimojawapo na kukikandamiza zaidi, kama kabari iliyowekwa chini ya mlango: anayeusukuma mlango ndiye anayeikaza kabari. Sehemu kubwa ya nguvu ya kushikilia gari hupatikana kwa njia hii bila mkono kuongeza juhudi. Lakini kabari isiyogusa sakafu haikazi kitu, na iliyopakwa mafuta ni hivyo hivyo. Ndiyo maana uvujaji mdogo wa mafuta ndani ya dramu hudhoofisha breki kuliko wingi wa mafuta yenyewe unavyoelekea.

Watengenezaji walijua kwamba pengo litakua. Kwa hiyo ndani ya dramu kuna adjasta: kijiti chenye hesi na kigurudumu cha meno, na kando yake kidole kidogo cha chuma kinachosukuma jino moja pale pengo linapozidi. Wakati wa kusukuma hutegemea muundo. Kwenye pikapu nyingi za Kimarekani za zamani, adjasta hufanya kazi gari linaporudi nyuma na breki ikakanyagwa. Kwenye pikapu za Toyota za miaka ya 1980, husukumwa na breki ya mkono yenyewe inapovutwa na kuachiwa. Hapo ndipo kichekesho kilipo: dereva anayeegesha kwa gea tu, akiona anaitunza breki ya mkono isichakae, ndiye anayeiharibu. Breki hiyo huchakaa kwa kupumzika.

Na ile nati? Ili kidole cha adjasta kishike jino linalofuata, wenzo ulio ndani ya dramu lazima urudi mwisho kabisa, na viatu vikae kwenye vituo vyake. Waya ukikazwa kupita kiasi, wenzo hubaki umevutwa nusu hata mkono ukiwa chini. Kidole hakirudi vya kutosha, jino halishikwi, na kuanzia siku hiyo pengo linakua bila wa kulifuatilia. Kwa maneno mengine, aliyekaza waya amekizima kifaa pekee kilichokuwa kikirekebisha kasoro aliyokuja kuirekebisha. Si miundo yote inaathirika kwa kiwango kimoja, na gari lenye adjasta iliyoganda kwa kutu halina cha kupoteza, lakini mpangilio wa kazi haubadiliki: dramu kwanza, waya mwisho.

Mkono wenyewe husema mengi kabla hujalala chini ya gari. Ukipanda juu sana bila ubishi, pengo ni kubwa au waya umekatika. Ukiwa mgumu, ukasimama mapema, na gari bado linaserereka, nguvu inaishia njiani kwenye waya wenye kutu, au inafika na kukuta lainingi yenye mafuta. Ukishuka vizuri lakini gari likawa zito kuondoka, kuna kitu hakirudi. Pedali nayo ni shahidi. Ikizama sana mara ya kwanza na kupanda ukiipampu, viatu huenda viko mbali na dramu, ingawa hewa kwenye mabomba hutoa dalili inayofanana sana. Vuta breki ya mkono, kisha ukanyage tena. Kama pedali sasa inasimama juu zaidi tangu mkanyago wa kwanza, tuhuma ziende kwa viatu vya nyuma.

Kabla ya kunyanyua gari, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Breki unayoichunguza iko nyuma, na magurudumu ya nyuma yakiwa hewani haishikilii chochote. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari liegemee stendi. Mtu mmoja avute na kuachia mkono, mwingine atazame waya unavyotembea. Ukisogea upande wa mbele na kukaa kimya karibu na dramu, umeshikwa na kutu ndani ya ganda lake. Kumimina oili humpa mgonjwa huyo siku chache tu.

Kwenye pikapu za Toyota za miaka hiyo ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, tazama kwa makini nyuma ya kila dramu. Kuna kipande cha chuma chenye umbo la L, kinachobadili uelekeo wa mvuto wa waya kabla haujaingia ndani, nacho hufunikwa na kofia ya mpira. Mpira ukipasuka, maji na matope huingia, na pini inayobeba kipande hicho hushikana na tundu lake. Kivute kwa bisibisi: kinapaswa kurudi chenyewe kwa springi, haraka. Kikibaki pale ulipokiacha, au kikarudi kwa kujikongoja, umempata mkosaji, na hakuna nati itakayomtibu. Hufunguliwa, pini ikatolewa na kusafishwa, ikapakwa grisi, kisha mpira mpya. Ni kipande cha ukubwa wa kidole, na kina uwezo wa kuzima adjasta, kuunguza viatu na kumfanya mwenye gari anunue waya asiouhitaji.

Dramu ikikataa kutoka, mara nyingi ni kwa sababu imelika ikaacha ukingo kwa ndani, na viatu vimekwama nyuma ya ukingo huo. Rudisha adjasta kwanza. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye hesi, na boliti mbili zikikazwa humo kwa zamu huisukuma nje. Usipulize vumbi: lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, iliyopigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Vumbi lilowanishe, kisha ulifute. Ukikuta unyevunyevu, angalia umetoka wapi. Mafuta mazito yenye harufu kali yametoka kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawia magurudumu mawili mzunguko, kupitia sili ya ekseli iliyochoka. Majimaji mepesi yametoka kwenye silinda ya breki. Katika hali zote mbili ziba uvujaji, kisha badilisha viatu vya pande zote mbili. Lainingi iliyolowa haisafishiki ikarudia hali yake, hata ionekane kavu.

Adjasta isafishwe hadi izunguke kwa vidole, na irudi upande ilikotoka. Ya kushoto na ya kulia huwa na hesi zinazokwenda kinyume. Zikibadilishana, kidole kitaendelea kusukuma meno kwa uaminifu kabisa, ila kila jino litapunguza urefu badala ya kuuongeza, na breki itajilegeza kila inapofanya kazi.

Sasa urekebishaji. Mkono ukiwa chini, legeza nati ya waya hadi waya usivute chochote. Kupitia tundu dogo nyuma ya dramu, ambalo huzibwa na mpira, zungusha kigurudumu cha meno hadi gurudumu la gari lishikwe, kisha kirudishe hadi lizunguke likikwaruza kidogo tu. Kanyaga pedali mara mbili tatu ili viatu vikae katikati, urudie pande zote mbili. Baada ya hapo ndipo nati ya waya iguswe, kwa kuondoa ulegevu tu, wenzo wa ndani ukiwa bado kwenye kituo chake. Idadi ya mibofyo ya mkono inayotakiwa unapouvuta imo kwenye kitabu cha gari husika. Hutofautiana, na kunakili ya gari jingine hakufai.

Haya yote hayahusu kila gari. Pikapu yenye diski nyuma huwa mara nyingi na dramu ndogo iliyofichwa katikati ya diski, ambayo viatu vyake havisimamishi gari linalokimbia, kwa hiyo adui wake ni kutu kuliko kulika. Land Rover za Series na Defender za zamani zina muundo wa ajabu zaidi: breki ya mkono hubana shafti inayotoka kwenye sanduku la gea la pili kwenda nyuma, wala haigusi magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likinyanyuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke upande mmoja huku mwenzake aliye chini akizunguka upande wa pili, shafti ikiwa imebanwa vilevile, na gari linaondoka. Pikapu yoyote ya kuendeshwa kwa magurudumu ya nyuma iliyoachwa kwenye gea bila breki ya mkono hufanya vivyo hivyo.

Ukimaliza, ijaribu kwenye mteremko mdogo, pua ikitazama chini kisha ikitazama juu, kwa sababu viatu havishiki kwa nguvu sawa pande zote. Kisha endesha kilomita chache bila kutumia breki sana, na usogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, adjasta ya upande huo irudishwe jino moja au mawili.