Wi-Fi Haishiki? Acha Kupiga Windows

"Fundi, nipigie Windows, kompyuta haishiki Wi-Fi." Ombi hili la kufuta Windows na kuiweka upya limenichosha. Hapa Tabora linatoka Isevya, linatoka Ipuli, linatoka Cheyo, na mara nyingi anayelileta ameshamlipa fundi mwingine akapiga Windows hiyohiyo, Wi-Fi isije. Isingeweza kuja, maana ndani ya mashine hakuna kitu cha kuishika.

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua hapa Tabora ni mtumba wa maofisini. Ofisi hizo zilitumia waya, kwa hiyo mashine ziliagizwa bila kadi ya Wi-Fi. Simu na laptopu huja na kadi yake ndani, basi watu wakadhani kila chenye kioo kinayo. Windows ni programu tu. Kuipiga upya kwenye mashine isiyo na kadi ni sawa na kubadilisha dereva wa gari lisilo na matairi. Na usipoangalia, mafaili yako yanafutika, pengine hata draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya tundu la waya inapotea, sasa huna mtandao wa aina yoyote.

Kagua kwanza. Geuza CPU, yaani lile sanduku la kompyuta, utazame nyuma: ukiona antena, au vichwa viwili vya dhahabu vyenye nyuzi za kufungia antena, yaelekea kadi ipo. (Vichwa vikiwa vitupu, tafuta antena zake. Wauzaji wa mtumba hupenda kuziacha njiani, na bila hizo kadi itashika kwa shida hata ukiwa chumba kimoja na ruta.) Kisha fungua Device Manager, orodha ya vifaa iliyo ndani ya Windows, sehemu ya Network adapters. Ukikuta jina lenye "Wireless", "Wi-Fi" au "802.11", kadi unayo. Ukikuta kifaa chenye alama ya njano ya mshangao, huenda unachokosa ni draiva. Hakuna hata kimoja? Nunua adapta ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB, au kadi ya kuchomeka ndani kama una nafasi ya PCIe (tundu la kadi kwenye ubao wa ndani). Ukibaki na Windows 7, soma boksi la adapta kabla hujalipa: Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na adapta nyingi mpya hazina draiva yake.

Na kabla ya kununua chochote, fanya jambo ambalo kila mteja namwambia na wachache wananisikiliza. Chukua simu ya Android iliyokwisha kuunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wake wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa USB tethering. Kwa simu nyingi, kompyuta itapata intaneti ileile ya ruta, na bando la laini yako halitaguswa mradi Wi-Fi ya simu imebaki imewaka. Ikikubali, umeshajua Windows haina kosa. Tena kwa njia hiyohiyo utapakua draiva ya adapta, maana ile CD ndogo inayokuja nayo utaichomeka wapi?

Wengine huja wakilalamika kwamba alama za Wi-Fi zimejaa lakini hakuna kinachofunguka. Alama hizo zinapima kompyuta na ruta tu. Kifurushi kikiisha, zitabaki zimejaa vilevile.

"Adapta ni mbovu, inashika kidogo." Umeichomeka nyuma ya sanduku la chuma, chini ya meza, sanduku limeegemea ukuta. Tafuta waya wa kurefusha USB wa mita moja, uipandishe adapta juu ya meza. Iweke mbali na tundu za buluu pia: vifaa vya USB 3.0 vikifanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo adapta za bei nafuu hutumia.

Jina la Wi-Fi likiishia na "5G", hiyo kwa kawaida ni masafa ya 5 GHz, siyo 5G ya minara ya simu. Ina kasi, ila kuta nene inazishindwa mapema. Adapta ya 2.4 GHz peke yake haitaliona jina hilo kabisa, hata ukiipakata ruta.

Kuna wanaoona waya ni ushamba. Kama ruta yako ina tundu la LAN na iko chumba kimoja na kompyuta, vuta waya uachane na adapta. Waya wa aina ya Cat5e unafika mita 100, na haujali ukuta wala microwave ya jirani.

La mwisho, kwa wenye ruta ya laini ya simu: msidhani kompyuta inakula bando sawa na simu. Windows hupakua masasisho ya gigabaiti kadhaa bila kukuuliza. Siku ileile unapounganisha, ingia kwenye sifa za Wi-Fi hiyo uwashe Metered connection, itapunguza sana huo ulaji.